Kutoka Ajira Hadi Mkataba wa Huduma (2): Kodi Anayobaki Nayo Mfanyakazi

Juma lililopita tuliona jinsi PAYE inavyokatwa kwenye mshahara. Leo tumfuate mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha mpakani Tarakea, mwenye mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mwajiri anamweleza kwamba ajira ya kudumu imekwisha. Kuanzia mwezi ujao atalipwa kiasi kilekile kwa mkataba wa huduma.

Alipokuwa mwajiriwa, NSSF ilichukua asilimia 10, yaani 120,000. Kodi ikatozwa kwenye 1,080,000 zilizobaki: 270,000 za mwanzo hazitozwi, kisha viwango hupanda kutoka asilimia 8 hadi 20, 25, na 30 kwa kinachozidi milioni moja. PAYE ikawa 152,000, naye akaondoka na 928,000. Sasa kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, 60,000, na kumkabidhi 1,140,000. Kwa mzazi mwenye ada za shule, nyongeza ya 212,000 si rahisi kuikataa.

Zuio hilo, hata hivyo, ni malipo ya awali tu. Mapato yake ya mwaka ni 14,400,000, na asipokuwa na gharama za kuonyesha, kodi yake ni 2,256,000. Zuio limelipa 720,000. Zilizobaki, 1,536,000, anadaiwa yeye mwenyewe na TRA. Anatakiwa kuwasilisha makadirio na kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kisha apeleke ritani kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kila zuio adai cheti chake, maana bila cheti atapata taabu kuthibitisha kwamba fedha hiyo ilishalipwa.

Asijilinganishe na jirani mwenye duka sokoni anayelipa kodi kwa kiwango cha mauzo. Utaratibu ule hauwahusu watoa huduma za kitaalamu. Tena mtaalamu aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake hutakiwa kujiandikisha VAT hata kama mapato yake hayakaribii milioni 200.

Nafuu ya kweli iko kwenye gharama. Mwajiriwa haruhusiwi kutoa nauli wala intaneti kwenye mshahara unaotozwa kodi, bali mtoa huduma anaruhusiwa, mradi ni za kazi na zina risiti za EFD. Akithibitisha gharama za 2,400,000 kwa mwaka, kodi inashuka hadi 1,536,000, na deni linabaki 816,000.

Bado hatujagusa kinachoniuma zaidi, nacho ni bei. Kampuni inaacha kumchangia NSSF 120,000 kila mwezi, inaacha mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wa asilimia 0.5, yaani 6,000, na kama ina wafanyakazi kumi au zaidi inaacha pia tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL), iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, yaani 42,000. Jumla ni 168,000. Kwa hiyo ada ya 1,200,000 ni punguzo la malipo. Mazungumzo yaanzie 1,368,000, kabla hata ya kuhesabu siku 28 za likizo yenye malipo anazozipoteza.

Na je, kweli ameacha kuwa mwajiriwa? Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinatazama kazi yenyewe, si jina la mkataba. Saa zake zikipangwa na kampuni, akitumia vifaa vya kampuni, au akimtumikia huyo mmoja tu, hata moja ya dalili hizo inatosha sheria imchukulie kuwa mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. Anayeamini kwamba ajira yake imekatishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo zinahesabiwa tangu ajira ilipokatishwa, hata kama bado anakaa kwenye meza ileile.