Unampeleka mtoto kutembea Dar es Salaam? Yajue haya kabla ya safari

Shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, familia nyingi za vijijini hufunga safari kwenda Dar es Salaam. Wapo wanaokwenda kwa ndugu, wapo wanaokwenda harusini, na wapo wanaokwenda kutembea tu ili mtoto alione jiji na bahari. Safari hii ni ya gharama. Pengine nauli imetokana na magunia ya mahindi yaliyouzwa, na si jambo la kurudia kila mwaka. Ndiyo maana inauma ikiharibika kwa sababu ambayo ingezuilika: mtoto kuugua kwa jua, siku nzima kuishia kwenye foleni, au baya zaidi, mtoto mwenyewe kupotea.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulitembelea jiji na mtoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita, mahali pa kumpeleka, na namna ya kumlinda.

Kwanza, punguza ratiba

Mtu mzima akifika mjini hutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Mtoto hawezi. Hatua zake ni fupi, kwa hiyo unapotembea hatua moja yeye anakimbia mbili. Mwili wake mdogo pia hupata joto haraka kuliko wako, na Dar es Salaam ina joto lenye unyevunyevu ambalo watu wa nyanda za juu hawalijui. Kuanzia Desemba hadi Machi joto huwa kali zaidi. Juni hadi Agosti kuna nafuu, na mvua za masika zinakuwa zimepita. Kama unaweza kuchagua, chagua likizo ya Juni.

Kanuni yetu ni rahisi: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, mtoto apumzike kivulini, ale na alale. Mpe maji kidogo kidogo mara kwa mara, usingoje aombe. Ukiona amelegea, midomo imekauka au hajakojoa kwa saa nyingi, matembezi ya siku hiyo yamekwisha. Mpeleke penye ubaridi na umpe maji. Asipochangamka, au akianza kutapika, mpeleke kituo cha afya.

Makumbusho mawili, majina yanayochanganya

Hapa wageni wengi hupotea. Ukisikia kondakta wa daladala akiita "Makumbusho! Makumbusho!", anakwenda stendi ya Makumbusho, eneo la Kijitonyama. Jirani na hapo, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna Kijiji cha Makumbusho. Lakini Makumbusho ya Taifa yenyewe yako katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, upande wa Posta. Ukitaka hayo ya pili, panda gari la Posta.

Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai mwaka 1959. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Mtoto wa miaka minne hataelewa milioni ni nini, ila mwambie kwamba huyu aliishi zamani sana, kabla ya babu wa babu wa babu, naye ataanza kuuliza maswali. Watoto hufurahia pia magari ya zamani ya viongozi yaliyowekwa pale.

Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi. Usidhani mtoto wa kijijini hatashangaa. Akiikuta nyumba kama ya bibi yake katikati ya jiji, atauliza kwa nini iko pale. Ni nafasi nzuri ya kumweleza kwamba mambo ya kwao yana thamani, hata watu wa mjini huja kuyatazama. Beba kitambulisho chako, kwa sababu kiingilio cha raia huwa chini kuliko cha mgeni kutoka nje.

Kuona jiji bila gharama kubwa

Basi la mwendokasi lenyewe ni matembezi kwa mtoto. Huduma hiyo ilianza mwaka 2016, na mabasi yake yana njia ya peke yake, hivyo foleni haiyazuii kama daladala. Panda yanayokwenda Kivukoni kupitia Barabara ya Morogoro, lakini epuka alfajiri na jioni, watu wanapokwenda na kutoka kazini, kwa sababu mtoto hubanwa.

Ukishuka Kivukoni uko karibu na soko la samaki la Feri na kivuko cha kwenda Kigamboni. Kwa nauli ndogo mtoto anapanda chombo cha majini, anaona meli na mdomo wa bandari. Geti linapofunguliwa watu husukumana. Msishindane nao: waacheni wenye haraka watangulie, mbebeni mtoto, na mkiwa ndani ulizeni maboya ya kujiokolea yako wapi.

Katikati ya jiji kuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wa vita hiyo waliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na kutoka maneno hayo tukapata jina Kariakoo. Kwa hiyo sanamu na soko vina historia moja.

Baharini, usimwache hata hatua moja

Mtoto aliyezoea mto au bwawa hajui kwamba bahari hujaa na kupwa. Maji hubadilika kwa muda wa saa sita hivi. Mahali alipochezea asubuhi kwenye mchanga mkavu, mchana panaweza kuwa na maji ya kumfunika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kaa umbali wa kumfikia kwa mkono, na weka simu mfukoni. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Asipotee, na akipotea

Mwenzetu mmoja aliwahi kumwachia mwanawe mkono sokoni ili alipe fedha. Alipogeuka, hayupo. Alipatikana baada ya kama nusu saa, amekaa kwa mama muuza vitumbua, hatua chache tu kutoka pale. Alifuata gauni lililofanana na la mama yake. Katika umati mtoto haoni nyuso, anaona miguu na nguo.

Kwa hiyo, kila asubuhi mpige picha kwa simu na nguo alizovaa. Picha hiyo itaeleza haraka kuliko maneno. Andika namba zenu mbili za simu kwenye karatasi na uishone au uibane ndani ya nguo yake. Jina lake lisiandikwe nje, kwa sababu mtu mbaya akimwita kwa jina, atadhani anamfahamu. Mfundishe pia majina yenu kamili. Watoto wengi wanajua "mama" na "baba" tu.

Mpe agizo moja: "Usiponiona, simama hapo hapo, nitakuja." Akipotea, mzazi mmoja abaki mahali alipoonekana mwisho, mwingine arudi njia mliyopita. Waambieni wenye maduka na bodaboda waliopo, waonyesheni picha. Msione aibu na msisubiri. Pigeni polisi 112, au namba ya huduma kwa mtoto 116, ambayo haina malipo.

Mkiwa na betri ya simu, maji, na subira, mtoto atarudi kijijini na habari za kuwasimulia wenzake mwaka mzima. Labda hatalikumbuka fuvu. Pengine atakachosimulia ni kwamba alionja maji ya bahari na yalikuwa na chumvi. Hilo nalo linatosha kuwa safari.