Maua Mengi, Matunda Machache: Sababu Zake na Namna ya Kuziondoa

Watu wengi wa Thika na Ruiru wana bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba au ukingoni mwa shamba. Bustani hiyo si mchezo. Ikizaa vema, watoto hula mboga kila siku, na fedha za nyumbani hubaki kwa ajili ya karo ya shule. Isipozaa, kila kitu hununuliwa sokoni kwa bei apendayo muuzaji. Malalamiko yasikiwayo mara nyingi ni haya: mimea imestawi, majani yapendeza, maua ni mengi, lakini matunda ni machache, au huanguka yangali machanga. Wengine hulaumu mbegu, na wengine husema ni jicho la hasidi. Lakini sababu zake zajulikana, na nyingi zaweza kuondolewa bila gharama.

JINSI UA LIGEUKAVYO TUNDA

Ndani ya ua mna unga mwembamba, mara nyingi wa rangi ya manjano, uitwao chavua. Unga huo hutoka katika sehemu ya kiume, na hapana budi ufike katika sehemu ya kike ndipo tunda lianze kukua. Usipofika, ua hunyauka na kuanguka. Ukifika kidogo tu, tunda huwa dogo au hupinda upande mmoja.

Mimea haifanani katika jambo hili. Ua la haragwe hujipatia chavua lenyewe hata kabla halijafunguka, basi halihitaji sana msaada. Ua la nyanya, la biringanya na la pilipili lina sehemu zote mbili pamoja, lakini lataka kutikiswa ili unga umwagike. Boga na tango ni tofauti kabisa, kwa sababu maua ya kiume ni mbali na maua ya kike, ingawa yamo katika mmea mmoja.

BOGA LATAKA MJUMBE

Ua la kike la boga hutambulikana upesi, kwa kuwa nyuma yake pana kiboga kidogo. Ua la kiume lina kikonyo chembamba tu. Maua ya kiume hutangulia, pengine kwa wiki moja au mbili, basi mkulima asifadhaike akiona maua ya kwanza yote yameanguka bila kuzaa.

Mjumbe wa boga ni nyuki. Ua lake hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na nyuki asipopita saa hizo, siku imepotea. Penye nyuki wachache mkulima aweza kufanya kazi hiyo kwa mkono. Na achume ua la kiume lililofunguka asubuhi hiyo, aondoe majani yake ya rangi, kisha apake unga wake juu ya kichwa cha ua la kike, akigusa pande zote. Kazi hiyo ifanywe mapema, kabla ya saa tatu.

Mtu asidhani kwamba hiyo ni kazi ya kitoto. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndiko ilikotoka aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu yastahimili ugonjwa wa chulebuni na ule wa kutu ya majani. Ili kupata mbegu zake, wafanyakazi huchukua chavua ya mibuni ya aina moja na kuipaka kwa mkono katika maua ya mibuni ya aina nyingine. Kazi ifanywayo kwa mibuni hiyo yaweza kufanywa na mama wa nyumbani kwa maboga yake.

NYANYA NA BARIDI YA JULAI

Nyanya hutikiswa na upepo, na pia na nyuki weusi wakubwa wale watoboao miti mikavu, ambao huvuma juu ya ua mpaka unga umwagike. Bustani iliyozungukwa na kuta za ghorofa, kama zilivyo nyingi sasa huko Ruiru, haipati upepo wala nyuki wa kutosha. Dawa yake ni kugonga polepole kijiti kinachoegemeza mmea, kila siku, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maua yakiwa makavu.

Lakini kutikisa hakusaidii kukiwa na baridi nyingi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, chavua ya nyanya hudhoofika na maua huanguka. Thika na Ruiru ziko katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti siku ni za mawingu na usiku ni wa baridi. Basi yafaa kupanga wakati. Mbegu zikisiwa kitaluni mwanzoni mwa Agosti, miche huhamishwa katikati ya Septemba, na maua huanza kama mwezi mmoja baadaye, baridi imekwisha. Kwa kuwa mvua za vuli huja wakati huo, miche ipandwe kwa nafasi na kuegemezwa kwa vijiti, ili majani yakauke upesi yasishikwe na ukungu.

MBOLEA, MAJI NA JUA

Mmea uliolishwa kupita kiasi kwa mbolea ya kukuzia majani hujaa majani na kusahau kuzaa. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo kabla ya kupanda, na mbolea ya kukuzia itiwe kwa kiasi. Udongo mwekundu wa sehemu hizi mara nyingi huwa na uchachu na huzuilia fosfeti, basi ni vema udongo upimwe kabla ya fedha kutumika.

Maji nayo yatolewe kwa utaratibu. Udongo ukikauka kabisa kisha ukafurika, maua huanguka, na nyanya huoza upande wa chini. Matandazo ya nyasi kavu huhifadhi unyevu. Jua nalo lapasa kufika bustanini kwa saa sita au zaidi kila siku.

Pia mboga zichumwe mapema na mara kwa mara. Tango, bamia au mishiri ikiachwa kukomaa mpaka mbegu, mmea huona kazi yake imekwisha, nao huacha kutoa maua.

ADUI WA NYUKI

Kosa kubwa kuliko yote ni kunyunyiza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi. Dawa hiyo huua nyuki pamoja na wadudu waharibifu, na mwenye bomba hujinyima matunda kwa mkono wake mwenyewe. Dawa ikiwa ni lazima, inyunyizwe jioni, nyuki wakiisha kurudi, na kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa. Jirani mwenye mizinga apewe habari mapema.

Wakulima wa pasheni wana sababu zaidi ya kuwatunza wadudu hawa. Pasheni ya manjano haizai kwa chavua yake yenyewe, wala kwa ile ya shina la aina yake hasa, bali hungoja nyuki weusi waliotajwa juu wailete kutoka shina lililo tofauti. Gogo kavu likiachwa pembeni mwa shamba huwa nyumba yao.

Mwenye shida isiyotajwa hapa na amwendee afisa wa kilimo wa wadi yake, au kituo cha KALRO kilichoko Thika, ambacho kazi yake ni utafiti wa mboga na matunda. Achukue mkononi tawi lenye maua yaliyoharibika, kwa maana mganga hawezi kutibu ugonjwa asiouona.