Njia Iliyo Chini ya Mto Thames

Wageni wafikao London hupenda kuvuka kwa treni chini ya mto Thames, baina ya Rotherhithe na Wapping, wakisifu akili za mhandisi Marc Brunel. Akili alikuwa nazo, hatubishi. Sisi twataka kuuliza habari za wachimbaji.

Kazi ilianza mwaka 1825. Watu 36 walichimba kwa mkono, kila mmoja katika chumba chake cha chuma, huku maji ya mto, yaliyojaa uchafu wa mji mzima, yakiwadondokea. Wengi waliugua. Mwaka 1827 kampuni ikaanza kuwatoza watazamaji shilingi moja moja waje kuwaangalia. Yajulikana kuwa kampuni ilikuwa na dhiki ya fedha. Hata hivyo, kumgeuza tamasha mtu aliye hatarini ni aibu. Mwaka huohuo mto ukapasua ukaingia. Januari 1828 ukaingia tena, wakafa watu sita. Kazi ikasimama karibu miaka saba.

Njia ilipofunguliwa mwaka 1843, watu walimiminika kutembea humo kwa peni moja. Magari ya farasi, ambayo ndiyo hasa yaliyokusudiwa, hayakupita kamwe, kwani fedha za kujengea miteremko yake hazikupatikana. Treni zilianza mwaka 1869. Abiria wa leo huvuka kwa muda mfupi mno. Hatudhani kwamba wengi wao huambiwa habari za wale sita.