Mto waingia darasani kwa simu

Nilisomea ukimbizini, kambi ya Mtabila, Kigoma; kijito tulikijua kwa kuchota maji tu. Leo, hapa Mabanda, Burundi, njia ya kijitoni ina utelezi, hivyo nashuka peke yangu na simu. Wanafunzi 60 hutazama darasani kwenye simu ya mwenzangu, mtandao ukikubali.

Juu ya kivuko niligeuza jiwe: vijidudu vya mikia mitatu, wapenda oksijeni nyingi. Chini yake, vijinyoo vyekundu tu, vinavyostahimili uchafu. Nikauliza sababu.

“Mwalimu, hapo mama huosha madumu ya mawese akitoka Manyovu,” alijibu binti mmoja.

Kesho yake mama akaja. “Sasa nioshee wapi, mwalimu?”

Tumechimba shimo mbali na kijito. Maji ya kubeba hadi huko bado tunabishania.