SOMA MIPIRA YA MOTOKARI YAKO, UJUE NA KUIBADILISHA



Kazini unavaa kofia ngumu na viatu vya usalama, na unaheshimu sheria ya kila mashine. Lakini siku ya mapumziko unapakia mama na watoto katika motokari, unashika njia ya Likasi au ya Kolwezi, na pengine hujatazama mipira yako tangu mwezi uliopita. Motokari inagusa barabara kwa mipira minne tu, na kila mpira unagusa mahali padogo, karibu sawa na kiganja cha mkono. Jamaa yako yote inategemea viganja hivyo vinne.

Namba za ubavuni zinasema nini?

Inama, utazame ubavu wa mpira. Tuseme umeandikwa: 185/65 R14 86H. Soma hivi:

185 ni upana wa mpira, milimeta 185.

65 ni urefu wa ubavu: sehemu 65 kwa 100 za ule upana, yaani milimeta 120 hivi.

R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Mipira mingi ya leo ni ya namna hii.

14 ni kipimo cha janti, inchi 14. Mpira wa 14 hauingii kwenye janti ya 15. Usijaribu kuulazimisha.

86 ni nguvu ya kubeba: kilo 530 kwa mpira mmoja.

H ni mwendo usiopaswa kupitwa: kilometa 210 kwa saa. T ni 190. Hizi ni nguvu za mpira ukiwa mzima. Si ruhusa ya kukimbia.

Unapokwenda sokoni kununua mpira, kwanza andika namba hizi kwenye karatasi. Mipira miwili ya mbele iwe ya kipimo kimoja, na miwili ya nyuma vile vile. Ukiweka mpira wenye nguvu ndogo, kisha ukapakia magunia ya makala na ya unga, unajitafutia hatari.

Mpira umezeeka?

Tafuta herufi DOT. Namba nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa okazyo unaweza kung'aa kwa rangi nyeusi, kumbe umekaa miaka mingi juani. Ukiona nyufa au uvimbe ubavuni, uache. Mifereji ikibaki na kina cha milimeta 1.6, mpira umekwisha. Siku ya mvua hautashika njia.

Upepo nao upimwe asubuhi, mpira ukiwa baridi. Kipimo chake mara nyingi kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shofa. Mpira wenye upepo mdogo unajikunja sana ukitembea, unapata moto, mwisho unapasuka.

Gurudumu limetoboka njiani

1. Punguza mwendo polepole, toka kabisa barabarani, tafuta mahali pagumu palipo sawa. Kwetu Kongo tunapita kuume. Ukibadilisha gurudumu la kushoto, mgongo wako unakuwa upande wa malori. Basi ingia ndani zaidi.

2. Washa taa za hatari. Weka alama ya pembetatu mbali nyuma ya motokari. Watu wote washuke, watoto wakae mbali na njia.

3. Vuta freni ya mkono, tia vitesi ya kwanza. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande mwingine.

4. Kabla ya kuinua motokari, legeza kila bulo kwa nusu mzunguko. Ukingoja mpaka gurudumu liwe juu, utavuta kwa nguvu na kriki itaanguka.

5. Weka kriki mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya ubavu wa motokari. Udongo ukiwa laini kwa mvua, tandika ubao mnene.

6. Inua. Laza gurudumu la akiba chini ya motokari, karibu na kriki: kriki ikianguka, gurudumu litapokea uzito. Usiingize mwili wako chini, hata kwa dakika moja.

7. Toa bulo na gurudumu bovu, ulilaze mahali pa lile la akiba. Weka la akiba, kaza bulo kwa mkono.

8. Toa gurudumu lililo chini, shusha motokari, kisha kaza bulo kwa kuvukavuka: moja ya juu, halafu ya upande wa pili. Usipake mafuta kwenye bulo.

9. Baada ya kilometa 50, simama ukaze tena.

Gurudumu la akiba likiwa jembamba kuliko mengine, usipite kilometa 80 kwa saa, na ulipeleke lile bovu kwa fundi upesi.

Mipira usiyopaswa kugusa

Kubadilisha gurudumu la motokari ndogo si kibali cha kushika mipira ya malori na mashine za mgodi. Janti nyingi za mashine hizo zina duara la chuma la kufungia. Likikaa vibaya wakati wa kutia upepo, linaruka na kuua. Ni kazi ya mafundi waliofundishwa, wenye vifaa vyake. Tena, mtu asichomelee janti yenye mpira, hata ukiwa hauna upepo: moto unaweza kuupasua kama baruti.

Jioni hii tazama gurudumu lako la akiba: lina upepo? Kriki ipo? Ufunguo unaingia kwenye bulo? Na wewe mama, ukiendesha motokari, fanyeni mazoezi pamoja uani. Njiani usiku si mahali pa kujifunza.

MAWE KWANZA, KRIKI BAADAYE. USALAMA MBELE YA YOTE!