Pazia si Komeo

Mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri, akaketi ukumbini mwa madrasa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, yangu yamejulikanaje?" Miezi miwili kabla ya siku hiyo yeye na mumewe walifika mbele yetu kutafuta suluhu, na maelezo yao niliyaandika mimi mwenyewe katika kompyuta ya afisi. Sikumsimulia mtu. Lakini binti aliyekuwa akipiga chapa karatasi za mtihani aliyakuta, akayasoma, na maneno yakatembea mtaani.

Kompyuta zetu zote huchota faili katika mashine moja iitwayo seva. Seva hiyo hutumia Samba, programu ya bure iliyoasisiwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. (Jina halina uhusiano na ngoma ya Brazili. Alitafuta katika kamusi neno lenye herufi S, M na B, ambazo ndizo jina la utaratibu ambao kompyuta za Windows huutumia kushirikiana faili.) Kijana aliyetutengenezea tulimwambia aifiche folda ya suluhu, naye akaificha kweli. Kosa lilikuwa letu, kwani tulidhani kilichofichwa kimefungwa.

Katika Samba, amri ya "hide files" huipa faili alama ya kufichwa, basi. Kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayoamua kuiheshimu alama hiyo au kutoiheshimu. Mtu akichagua kuonyeshwa vilivyofichwa, vyote hujitokeza, na anayelijua jina la faili huifungua bila kizuizi. Ni pazia la mlangoni: humzuia mwenye haya peke yake.

Tukakimbilia amri ya pili, "veto files". Hii ni kali zaidi, kwani faili iliyotajwa humo haionekani wala haifunguki, na seva hujibu kana kwamba haipo. Lakini amri hii, kama tulivyoiandika sisi, hutazama jina, haimtazami mtu wala yaliyoandikwa ndani. Tulizuia kila jina linaloanza na neno "suluhu". Kesho yake mwenzetu akahifadhi maelezo mengine nje ya folda ile kwa jina la "barua ya Jumanne", yakabaki wazi, ilhali mimi niliyeyaandika yale ya kwanza nimefungiwa nje pamoja na wote! Amri hii inafaa kwa takataka, kama zile faili ndogondogo ambazo kompyuta za Apple huziacha katika kila folda. Hata huko ina kituko chake: folda yaweza kuonekana tupu, nawe ukijaribu kuifuta ikakataa, kwa sababu ndani mna vilivyozuiwa usivyoviona.

Lililotufaa mwishowe ni ruhusa. Kila mtumiaji alipewa jina lake na neno lake la siri, na folda ya suluhu ikawekwa peke yake, ikafunguliwa kwa watu wawili tu kwa amri ya "valid users". Katika folda nyingine tuliongeza "hide unreadable", ili asiyeweza kusoma faili asilione hata jina lake. Jina peke yake laweza kufedhehesha. Faili yenye jina la mke wa mtu na neno "talaka" imekwisha kusema yote kabla ya kufunguliwa.

Aya ya 27 ya Sura An-Nur yatufunza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za wenzetu, na aya ya 58 yawafunza hata watoto wa nyumbani kuomba idhini katika nyakati tatu. Aya ya 12 ya Al-Hujurat yakataza upelelezi. Lakini binti yule hakupeleleza, alifungua kilichokuwa wazi. Kuyasambaza ni kosa lake. Amana ilikuwa yetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yatubebesha mzigo huo huo.

Msidhani haya ni ya afisi tu. Visanduku vya kuhifadhia picha nyumbani aghalabu huwa na Samba ndani yake. Picha za kina mama siku ya kupambwa bibi harusi zimo humo, na mgeni akipewa neno la siri la Wi-Fi huenda akazifikia iwapo sanduku limeachwa bila ruhusa. Muulizeni fundi swali moja: mtu asiye na jina wala neno la siri, aona nini?

Nilimwita yule mama aje ajionee. Aliketi na ndugu yake mbele ya kompyuta, tukaingia kwa jina la mpiga chapa, tukawasha kuonyeshwa vilivyofichwa. Hapakuwa na kitu. Alitazama kwa muda, kisha akauliza: "Na zile karatasi mlizozichapa, zi wapi?"

Nikainuka kwenda kulitazama kabati.