Ukinzani Hufunzwa kwa Vidole

Yapo mambo ambayo chaki na ubao haviwezi kuyafunza. Mpe mwanafunzi betri ya volti 9, diodi nyekundu itoayo mwanga, rezista ya omu 470 na nyaya. Mguu mrefu wa diodi ukielekea upande chanya, taa huwaka, akiigeuza, kiza. Akiiondoa rezista, diodi huungua, na hapo kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 haihitaji tena kukaririwa. Isitoshe, neno letu ukinzani latokana na kukinza, yaani kuzuia; mtoto hulielewa kabla ya kufafanuliwa. Lakini fizikia tunamtahini kwa Kiingereza! Na je, vifaa hivi visivyo ghali vifungiwe kabatini hadi majuma ya mtihani, kana kwamba ni vyombo vya arusi?